Mirija Mitatu katika Chungu Kimoja

Ndugu yangu Ochwo,

Salamu zitangulie, kwa kuwa baba alitulea tukijua kwamba mtu husalimu hata akiwa amekasirika, nami nimekasirika. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wanakwenda shule, au mvua imeiharibu tena ile njia ya Kisoko? Mimi ni mzima. Goti la kushoto huniuma baridi inapozidi, na hapa Ayalandi baridi huzidi hata katika miezi wanayoiita ya joto, lakini ngazi zangu ninazipanda mwenyewe na sijalazwa na ugonjwa tangu tulipoagana.

Ninakuandikia kwa Kiswahili, wala si kwa lugha ya mama, kwa sababu moja. Nataka wifi yangu Nabwire, ambaye ni Msamia, aisome barua hii mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho bila wewe kumfasiria. Ukimfasiria wewe, najua nusu yake itabaki mfukoni mwako. Tena nimeiandika kwa mkono na kuitia katika bahasha, kwa sababu mazungumzo yetu ya simu uliyakata kwa kusema kwamba chaji imekwisha. Karatasi haiishi chaji.

Siku ile ya simu ulinipa shauri. Ulisema, "Dada, wewe weka tu sahihi. Hiyo dawa ni ya Wazungu, nakwenda kwa Wazungu. Unagombana na mkubwa yako ya nini?" Baba angekurudisha darasani kwa sentensi hizo, lakini leo sina nafasi ya sarufi yako. Kisha ukanisimulia habari ya malwa, ile pombe ya siku ya kumkumbuka mama, huku ukicheka, ili unithibitishie kwamba watu hawachunguzi. Nimekaa na mambo hayo mawili tangu siku hiyo. Nitayajibu kwa utaratibu, nawe utasoma kwa utaratibu. Usirukie mwisho.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu miaka yote hii umekuwa ukiwaambia watu wa Busia kwamba dada yako anatengeneza dawa. Sitengenezi dawa. Mimi hukagua kilichobaki ndani ya dawa ambacho hakikutakiwa kubaki. Dawa ya kiwanda chetu ni protini, na hutengenezwa na seli hai zinazofugwa ndani ya matangi makubwa ya chuma. Seli hizo, pamoja na kuitoa dawa, hutoa pia protini zao wenyewe, za aina nyingi sana. Kiwanda huisafisha dawa tena na tena, lakini uchafu haukosi kubaki, kidogo mno, usioonekana kwa macho. Uchafu mwingine hauna madhara. Mwingine huufanya mwili wa mgonjwa uikatae dawa. Na upo mmoja ambao hula kile kinachoifanya dawa itulie ndani ya chupa. Huo ukibaki, dawa huanza kuharibika ingali katika jokofu la hospitali, kabla ya tarehe yake ya mwisho, na muuguzi anayeichukua hajui.

Ili kuutafuta, tunaikata sampuli vipande vidogo kwa kimeng'enya, kisha tunavipitisha katika mashine inayopima uzito wa kila kipande. Kwa uzito huo tunajua kipande kilitoka katika protini gani, kama vile mama alivyoweza kuokota kigae njiani akasema hiki ni cha chungu cha fulani. Mashine yenyewe ni ghali, na watu huiamini kuliko wanavyoaminiana. Hapo ndipo matatizo huanzia.

Mashine haikosei sana. Mkono hukosea. Anayeitayarisha sampuli anaweza kupima pungufu, au kimeng'enya kikawa kimechoka, au vipande vikanasa katika ukuta wa kichupa visifike mashineni. Ndiyo maana utaratibu wetu unadai marudio: sampuli itayarishwe mara tatu, kila mara kuanzia mwanzo kabisa, kila mara katika kichupa chake, ndipo zote ziingie mashineni. Zikikubaliana, tuna haki ya kusema neno. Zisipokubaliana, tumejua kwamba kuna jambo la kutafutwa, na hiyo nayo ni faida.

Sasa sikiliza. Niliwekewa mezani ripoti ya fungu moja la dawa, niikague na kuitia sahihi. Ilikuwa na vipimo vitatu, na vyote vilisema kwamba ule uchafu unaoharibu dawa haupo. Vilifanana mno. Nimeifanya kazi hii muda mrefu, na sijapata kuona mikono ya binadamu ikikubaliana namna ile. Nilimkumbuka baba, enzi zile akifundisha upande wa Kenya, alipokuta madaftari ya watoto watatu wa dawati moja yana kosa lilelile katika mstari uleule. Hakuwauliza nani alijua jibu. Aliwauliza nani alikaa katikati.

Nikamwita Marta, mama wa Kipolandi ambaye hutayarisha sampuli zetu. Ni mtu wa bidii na hasemi uongo. Nilimwuliza alitayarisha mara ngapi. Alitazama mlango kwanza. Kisha akasema kwamba Mkuu wetu alimwambia muda hautoshi, atayarishe sampuli moja, aigawe katika vichupa vitatu, na mashine ivipime vyote.

"Kwa hiyo ni chungu kimoja," nikamwambia. Hakunielewa, nami sikukaa kumweleza.

Nilikwenda ofisini kwa Mkuu. Anaitwa Kevin, ana umri wa kuwa mwanangu, ana shahada nyingi na huvaa viatu vya michezo kazini. Nilimwambia kwamba ripoti haiwezi kudai marudio matatu ilhali sampuli ilitayarishwa mara moja. Alijibu kwamba mashine ilipima mara tatu, na tatu ni tatu. Nikamwambia kwamba mashine imethibitisha tu kuwa mashine haitetemeki. Kuhusu dawa tunayo habari moja iliyosemwa mara tatu, na kama Marta aliteleza katika kile kichupa cha kwanza, basi kuteleza kwake kumepimwa mara tatu kwa usahihi mkubwa. Akasema mimi ni mtu wa kutafuta ugumu.

Ndipo nikamweleza habari ya malwa. Nilimwambia kwamba kwetu watu huketi wakikizunguka chungu cha pombe ya wimbi, yaani ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Wote wakisema pombe ni nzuri, umepata habari ya chungu hicho. Huwezi kusimama ukatangaza kwamba pombe ya kijiji kizima ni nzuri kwa kuwa mirija ilikuwa mingi.

Alicheka. "Athieno," akasema, akilitamka jina langu kama mtu anayepiga chafya, "hapa hatunywi kwenye vyungu."

"Mngekuwa mnakunywa," nikamwambia, "nisingekuwa na kazi ya kukueleza."

Hakucheka tena. Alinikumbusha kwamba mkataba wangu unakaribia mwisho, na kwamba yeye ndiye anayependekeza nani aongezewe. Niliiacha ripoti mezani kwake bila sahihi.

Sampuli ya akiba ilikuwapo, na utaratibu unaniruhusu kuagiza kipimo kirudiwe. Mimi na Marta tulitayarisha upya, mara tatu, kila moja kivyake, na kimeng'enya kipya. Tuliposoma matokeo, ule uchafu ambao ripoti ya kwanza ilisema haupo ulionekana katika mbili. Katika ya tatu haukuonekana. Upo, lakini kidogo, pale ukingoni ambapo mashine huona leo na kesho isione. Kitu cha namna hiyo hukipati kwa kukitazama mara moja.

Nilimpelekea Mkuu matokeo yote. Nilidhani atafadhaika. Aliyasoma kwa makini, akaweka kidole juu ya ile ya tatu, ile isiyoonyesha kitu, akasema, "Hii ndiyo nzuri. Tutumie hii. Hizo mbili tuandike kwamba ziliharibika mikononi."

Ochwo, nimepita umri wa miaka sitini. Sijawahi kumpigia mtu kelele kazini, na siku ile pia sikupiga. Nilimwomba anipe sababu ya kuziita zile mbili mbovu, isipokuwa kwamba hazikusema alichotaka kusikia. Akanisogezea kalamu. Nikamwambia, "Basi tia sahihi yako. Yangu hutaipata."

Jioni ya siku hiyo ndipo nilipokupigia simu. Sikuwa natafuta shauri. Nilitaka kusikia sauti ya nyumbani, kuku wakipita nyuma yako na Nabwire akiita watoto. Wewe ukanipa shauri niweke sahihi, kwa kuwa dawa ni ya Wazungu. Mimi sijui itakwenda kwa nani. Huenda ikafika Tororo. Na isipofika, huyo Mzungu atakayedungwa ana dada yake pia, na dada huyo anaamini kwamba mtu fulani mahali fulani alitazama.

Nimemaliza la kwanza. Sasa malwa.

Utaratibu wa mama unaujua, lakini nitauandika ili wanao waupate kwangu, maana kwako wameukosa. Kila mwaka wimbi ukishavunwa, kila nyumba ya watoto wake ilileta chungu kimoja, kilichopikwa katika nyumba hiyo kwa wimbi wa nyumba hiyo. Mama alizunguka vyungu vyote na mrija wake mwenyewe. Watu walidhani anapenda pombe. Mama hakuwa akinywa, alikuwa akitusoma. Pombe nyepesi ilimwambia kwamba ghala ni tupu. Pombe iliyoungua ilimwambia kwamba mwenye nyumba alikaanga unga peke yake, hana wa kumshikia mtoto. Iliyochacha kupita kiasi ilimwambia kwamba mpishi aliugua, pombe ikakaa bila wa kuitazama. Hakusema neno mbele ya watu. Ila wiki iliyofuata ungeona kikapu cha wimbi kinatoka Kisoko kuelekea nyumba fulani, au yeye mwenyewe amejifunga kitenge anakwenda kukaa huko. Alipofariki tuliahidiana, mimi na wewe na mdogo wetu Akoth na mjane wa kaka yetu, kwamba siku ya kumkumbuka tutaendelea hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyesema kwa sauti kubwa kuliko sote.

Mwaka huu ulinunua pombe yote kwa mpishi mmoja wa kule Mella. Ukaimimina katika vyungu vya nyumba zote, hata cha kwangu mimi nisiyekuwapo, ukavipanga uani. Ulinisimulia mwenyewe, ukifurahia akili yako: "Dada, watu wamekunywa, wamesifu nyumba zote, wamekwenda. Nani alijua?"

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo shtaka langu.

Baada ya simu yako nilimpigia Nabwire. Usimwulize kwa nini alinieleza. Mimi ndiye niliyeuliza, naye hawezi kumdanganya mkubwa wake. Aliniambia kwamba alikwenda Masaba kumtazama Akoth. Mume wa Akoth alivunjika mguu kabla ya palizi, na tangu hapo hajashika jembe. Wimbi wao ulimezwa na magugu. Alichovuna hakikujaza beseni. Nabwire alimkuta dada yetu, kitinda mimba wa mama, akisaga mbegu. Ule wimbi aliouweka kwa ajili ya kupanda msimu ujao, alikuwa akiusaga awapikie watoto uji.

Nabwire alimwuliza kwa nini hakusema siku ya mama, ndugu wote wakiwa wameketi pale. Nayaandika maneno ya Akoth kama nilivyoambiwa. Alisema, "Chungu changu kilisifiwa. Wameshakunywa, wamenisifu, halafu nisimame niseme sina kitu?"

Yasome tena, Ochwo. Mkeo aliyasikia kwa masikio yake.

Nabwire anasema kwamba uliamua kununua baada ya Akoth kukuambia kwamba wimbi wake bado. Uliposikia bado, hukuuliza bado kwa nini. Uliona siku inakaribia, ukatafuta njia ya mkato, na ukajiona umesaidia. Huenda ulitaka kumsitiri. Kama ni hivyo, sema, nitakusikiliza. Lakini ulimsitiri mpaka akala mbegu.

Vyungu vinne vilikuwa na ladha moja, tena ladha nzuri. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu aliyelelewa na mama yetu. Tangu lini pombe ya mjane wa kaka ikafanana na ya Nabwire? Tangu lini yangu, inayopikwa na jirani kwa niaba yangu, ikasifiwa na mtu yeyote? Wazee waliketi pale na mirija yao, na hakuna aliyeinua kichwa. Nao nimewakasirikia, lakini wewe ndiye uliyemimina.

Kevin alifanya aliyofanya kwa wagonjwa asiowajua. Wewe ulifanya kwa mtu uliyenyonya naye ziwa moja, na shamba lake liko mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli kutoka mlangoni kwako. Yeye alitafuta kichupa kisichosema kitu ili alale usingizi. Wewe hukuacha hata chungu kimoja cha kusema.

Nikwambie mambo yalivyoishia huku, kwa kuwa najua unangoja kusikia kuhusu mkataba. Niliiandikia idara ya ubora na kuambatanisha vipimo vyote, vizuri na vibaya, pamoja na maelezo kwamba uamuzi wa kutayarisha sampuli moja haukuwa wa Marta. Lile fungu la dawa limezuiliwa. Kundi jingine litaitayarisha sampuli upya bila kuambiwa sisi tuliona nini. Sijui watapata nini, na si juu yangu kutamani wapate hiki au kile. Marta bado yupo kazini. Kevin hunipita katika ujia akiitazama simu yake. Nami nimepokea barua fupi, yenye adabu, ikinishukuru kwa utumishi wangu na kunijulisha kwamba mkataba hautaongezwa.

Kwa hiyo ninarudi nyumbani mkataba ukiisha. Najua ulitaka nibaki, na najua umezoea kuwa mtu mwenye dada Ulaya. Watu wa Busia utawaambia nini, utajua mwenyewe. Mimi sina huzuni. Nina hasira tu, na hasira ya umri wangu ni kitu cha kufanyia kazi.

Hivi ndivyo utakavyofanya. Katika lile shamba langu la Kisoko unalolima, kuna wimbi wa mwaka huu katika ghala. Utachukua wa kula na wa mbegu, wa kutosha mpaka mavuno, utaupeleka Masaba. Utaupeleka wewe. Usimpe mtu wa bodaboda. Ukifika, utaketi. Hutasema umetumwa na mimi. Utamwuliza Akoth habari ya shamba, na habari ya mguu wa mumewe, na utangoja mpaka amalize kujibu, hata kama jibu la kwanza ni kwamba hawajambo. Kisha utauliza tena. Utabaki siku za kutosha kupalilia. Mgongo wako hauna ubaya wowote; nilikuona katika picha ukicheza ngoma.

Barua hii usimsomee Akoth. Nimemwandikia yake, na haina hasira hata kidogo.

Nisalimie shangazi yetu wa pale kanisani, umwambie miwani yake nimeipata na nitakuja nayo. Nisalimie mjomba anayechunga ng'ombe wa watu, na mjane wa kaka, umwambie kwamba pombe yake ya kweli, ile yenye ladha chungu, nimeikumbuka. Nisalimie yule mwalimu mstaafu jirani yetu, rafiki wa baba. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie ukweli. Wanao wote wape mkono wangu, na yule wa mwisho mwambie kwamba shangazi yake mkubwa anarudi kumfundisha kuandika. Nabwire, wifi yangu, wewe nakushukuru. Ulikwenda mwenyewe ukaona.

Nikifika, tutaifanya siku ya mama upya. Kila nyumba italeta chungu chake. Cha kwangu nitakipika mimi, na kitakuwa kibaya, kwa sababu mikono yangu imesahau kukaanga. Kitanywewa hivyo hivyo. Na ikiwa siku hiyo Akoth atakuwa bado hana wimbi, asikijaze mtu chungu chake. Kiletwe kitupu, kiwekwe uani katika mstari pamoja na vingine, mbele ya wazee wote. Nitazunguka na mrija wa mama, na nitaanza na hicho.

Dada yako mkubwa, asiyebadilika,
Athieno